Uungwana ni Vitendo: Maisha na Uimbaji wa Siti binti Saad

Mwaka 1928 ni mwaka wa kukumbukwa katika Afrika ya Mashariki kwa mambo matatu ambayo ni nadra kuandikwa pamoja katika vitabu vyetu. Katika mwaka huo reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza, ikapita Fela katika nchi hii ya Misungwi, na pamba ya wakulima wetu ikapata njia ya kwenda pwani. Katika mwaka huohuo, mwezi wa Juni, wajumbe wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza walikutana Mombasa, wakakata shauri kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwezi wa Machi kundi dogo la wanamuziki lilipanda meli katika bandari ya Unguja kwenda Bombay, India, ili nyimbo zao za Kiswahili zitiwe katika sahani za santuri. Mwimbaji wao mkuu alikuwa mwanamke aliyekaribia umri wa miaka hamsini, mzaliwa wa shamba, asiyepata kukaa darasani, ambaye ujanani mwake alichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Jina lake ni Siti binti Saad.

Reli ilichukua mizigo, mkutano ulichukua sarufi na tahajia, na santuri ilichukua sauti. Wanafunzi wetu hufundishwa habari za reli, na walimu wa lugha huwafundisha habari za ule mkutano. Insha hii inahusu sauti. Nataka kueleza jinsi mtu aliyewekwa na jamii yake katika daraja ya chini kabisa alivyojipatia heshima kwa kazi ya koo na akili yake, na jinsi chombo kipya cha wakati ule kilivyomsaidia kwa namna ambayo hata waliokitengeneza hawakuikusudia.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Unyamwezi, na mama yake wa asili ya Uzigua. Msomaji wa kanda ya ziwa asiipite habari hiyo haraka. Msukuma na Mnyamwezi husikilizana bila ya mkalimani, na njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo ilipitwa na babu zao wote. Wengi waliipita wakiwa wapagazi huru, wakachukua pembe kwa ujira na kurejea makwao kulima. Wengine waliipita shingo zao zikiwa katika minyororo, wakavushwa bahari, wala hawakurudi. Wazee wa Siti walihesabiwa katika tabaka la watumwa wa Unguja. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Kwa hiyo binti huyu alizaliwa katikati ya miaka hiyo, wakati kuuza mtu kulikuwa kumekatazwa na kummiliki bado kukiruhusiwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa.

Tutafakari maana ya jina hilo. Mtoto wa Kiafrika hupewa jina la babu, la mvua, la njaa au la furaha, ili ajue alitoka wapi na alizaliwa siku gani. Huyu alipewa jina lililomwambia mahali pake pa kukaa. Kila alipoitwa alikumbushwa daraja yake, na kila alipoitika alikuwa kama mtu anayeikubali.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Mama alifinyanga, na binti akajifunza, kisha akawa anachukua vyungu kutoka shamba kwenda kuvitembeza mjini. Mchuuzi wa namna hiyo hana duka wala ubao wa tangazo. Tangazo lake ni mdomo wake. Inasimuliwa kwamba Siti alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na sauti yake ikatangulia mbele yake njiani, hata watu wakajua kwamba muuza vyungu anakuja kabla hawajamwona. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa uimbaji wake. Aliolewa, akapata mtoto wa kike, na ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 aliliacha shamba, akahamia mjini kutafuta maisha.

Wakati huo muziki wa taarabu ulikuwa na wenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwa njia hiyo taarabu ikaingia katika kasri la Unguja. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume wa mjini. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakuelewa maneno yake, na huenda kutoelewa huko kulikuwa sehemu ya utukufu wake, kwa maana jambo lisiloeleweka na wengi huwa ni alama ya wachache. Mwanamke kukaa mbele ya wapigaji na kuimba hadharani halikuwa jambo la desturi.

Katika mji huo Siti alikutana na Ali Muhammad, mwanachama wa Ikhwani Safaa, ambaye aliisikia sauti yake akaitambua thamani yake. Ali Muhammad alimfundisha kufuata ala na kushika mahadhi, kisha akamjulisha kwa wapigaji na watunzi wenzake, miongoni mwao Muhsin Ali, Subeti Ambar, Buda na Mwalimu Shaaban. Baadaye waliambatana pia na Mbaruk, mpigaji wa udi. Mwanafunzi huyu hakuwa na daftari. Yote aliyofundishwa aliyaweka kichwani kwa sikio na kwa kurudiarudia, hata maneno ya Kiarabu na ya Kihindi akayatamka kwa usahihi uliowapendeza wenye lugha hizo. Walimu wanaodhani kwamba asiyeandika hawezi kujifunza jambo gumu wana mfano hapa wa kuwarekebisha.

Kundi hili lilifanya mapinduzi ya utulivu. Liliichukua taarabu kutoka ukumbi wa wakubwa likaipeleka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikoishi wafanyakazi, wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliokuwa watumwa jana. Huko taarabu ilivishwa Kiswahili. Mambo yaliyoimbwa yakawa ya mapenzi na usaliti, ya ndoa, ya hukumu za mahakama, ya matajiri wenye dhuluma na ya majirani wenye maneno. Nyumba ya Siti ikawa mahali pa kukutania usiku, na wageni kutoka bara waliofika Unguja wakataka kumsikia kabla hawajarejea makwao. Kisha mlango ukafunguka kwa upande wa pili pia, naye akaitwa kuimba katika nyumba za Waarabu na za Wahindi, na mbele ya Sultani Khalifa bin Harub mwenyewe. Aliyekataliwa kwa nasaba akaitwa kwa sauti.

Heshima mpya haikosi wivu. Walitokea waimbaji waliomwandama Siti kwa nyimbo za kejeli. Walimsimanga kwa sura yake, kwamba si mzuri wa uso, na wakamsimanga kwa asili yake ya shamba na vyungu vyake, wakitaka kumrudisha katika jina lake la utotoni. Siti aliwajibu kwa wimbo. Katika jibu hilo hakudai kwamba yeye ni mzuri wa uso, wala hakujitungia nasaba ya uongo. Alipima watu kwa kipimo kingine, kipimo cha akili na tabia, akawaachia wasikilizaji waamue. Wahenga walikwisha kusema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wanafunzi wa Usukuma hawatashangazwa na vita hivyo vya nyimbo. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu husimama uwanja mmoja, ngoma mbili zikalia kwa wakati mmoja, na kila upande ukautungia mwingine maneno makali. Hakuna anayeinua rungu. Mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Maneno yaliyopangwa vizuri hushinda matusi, na manju mwerevu huligeuza tusi alilotupiwa likawa pambo lake. Siti, ambaye asili ya baba yake ilikuwa nchi jirani na ya Bagika na Bagalu, alishinda kwa kanuni hiyohiyo kando ya bahari.

Sasa tuje katika safari ya Bombay. Kampuni ya Kiingereza iliyouza santuri kwa alama ya mbwa anayesikiliza bomba la sauti ilikuwa imekwisha kujenga biashara kubwa huko India. Mwaka 1902 ilimtia katika santuri Gauhar Jaan, mwimbaji maarufu wa muziki wa jadi wa Kihindi, katika mji wa Calcutta, na mwaka 1908 ilifungua kiwanda cha sahani huko Dum Dum, karibu na mji huohuo. Santuri ilipokosa wateja wapya, kampuni ilitazama ng'ambo ya bahari, ikauona mwambao wa Waswahili wenye kupenda muziki. Hivyo ndivyo Siti na wenzake walivyoitwa. Walirekodi nyimbo nyingi Bombay, na sahani zao zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, visiwani, pwani ya Kenya na Tanganyika, na bara hadi Uganda na Kongo. Kampuni nyingine zilipoona faida hiyo nazo zikaja kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili. Katika mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Kwa hiyo sauti iliyosafiri ndani ya sahani zile ilikuwa sauti ya mtaa uliokuwa umeanza kusema hapana.

Kijana wa leo huenda hajaiona sahani ya santuri. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye kuvunjika kama chungu, na ilifanywa kwa gundi ya lakiti inayotokana na wadudu wa miti ya India. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Mwimbaji aliyezoea kuirefusha taarabu usiku kucha alipaswa kujua maneno gani ayaache. Mashine yake haikuhitaji umeme. Ilitiwa nguvu kwa kuzungusha mpini. Kwa sababu hiyo iliweza kufika mahali ambapo taa ya umeme haikufika, na kwa sababu hiyo ilifika huku kwetu.

Nilipokuwa mtoto niliikuta mashine ya namna hiyo katika nyumba ya babu yangu, karibu na ziwa. Aliinunua zamani, baada ya msimu mzuri wa pamba. Sindano zake zilikuwa zimekwisha kutu, lakini sahani chache zilikuwa bado zimefungwa katika kitambaa. Babu alikuwa amejifunza sehemu kubwa ya Kiswahili chake kutokana na sahani hizo, na alipotaka kusema jambo la heshima lugha yake ilibadilika ikawa na lafudhi ya watu wa pwani. Alituambia kwamba mwimbaji yule alikuwa mke wa mfalme. Tulipomuuliza amejuaje, alijibu kwamba jina lenyewe linasema: Siti maana yake ni bibi mtukufu. Babu alifariki bila kujua kwamba bibi huyo mtukufu aliwahi kuitwa Mtumwa, na kwamba damu ya baba yake ilitoka jirani na kwetu.

Nimelifikiria kosa hilo la babu kwa miaka mingi, na sasa naliona kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Katika mtaa wa Unguja, Siti alionekana kwanza, kisha akasikiwa. Watu walimwona uso, mavazi na asili, wakamhukumu kabla hajafungua kinywa. Katika sahani ya santuri mambo yaligeuka. Sauti ilifika peke yake. Haikuwa na uso wa kusimangwa, wala na baba wa kuulizwa kabila. Msikilizaji wa Mwanza au wa Kisangani alipewa maneno na mahadhi tu, akahukumu kwa hayo, na hukumu yake ikawa kwamba huyu ni muungwana. Waliotengeneza santuri walikusudia faida. Bila ya kukusudia wakatengeneza mahali ambapo daraja za kuzaliwa hazikuweza kuingia.

India yenyewe iliyaona mambo kama hayo baadaye. Mwaka 1931 filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilionyeshwa Bombay, na tangu mwaka 1935 ikaanza desturi ya mwimbaji kurekodi wimbo kando, kisha mchezaji mzuri wa uso akachezesha midomo mbele ya kamera. Mwimbaji hakuonekana, lakini taifa zima likamjua. Lata Mangeshkar, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2022, aliimba kwa namna hiyo kwa miongo mingi, na mahadhi ya filamu hizo yakavuka bahari hadi kwetu. Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kuyatungia mahadhi ya Kihindi maneno ya Kiswahili. Bahari ya Hindi imekuwa njia ya nyimbo kwenda na kurudi, na Siti alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipita njia hiyo akiwa amechukua Kiswahili.

Lakini tusidhani kwamba sauti hiyo ilitumika kwa starehe peke yake. Wimbo wake uitwao Kijiti unahusu mauaji yaliyotokea Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa na mtu mwenye jina hilo. Muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Gazeti la wakati ule lisingeandika malalamiko ya watu wa Ng'ambo juu ya hukumu kama hiyo, na wengi wa watu hao wasingeweza kulisoma. Wimbo ulifanya kazi ya gazeti na ya wakili kwa pamoja. Uliwaeleza wasiosoma kwamba haki imepinda, ukataja jina la mkosaji, na ukaihifadhi kesi hiyo mpaka leo, wakati waliotoa hukumu wamesahauliwa. Ndiyo maana Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Siti aliendelea kuimba hadi uzeeni. Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga ambaye naye alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Walikaa pamoja, mmoja asiyeandika na mmoja bingwa wa kuandika, na kutokana na mazungumzo yao ukatokea Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Lau mwandishi huyo angechelewa kwenda, tungebaki na sahani bila ya maisha ya aliyeziimba. Nyimbo zenyewe hazikuzikwa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba hadi uzee wake mkubwa, na watoto wa shule walizisikia kutoka kinywani mwake.

Ndugu msomaji, mimi ni mtumishi wa ofisi mwenye kuandika mashairi baada ya saa za kazi, nami najua jinsi karatasi inavyopotea. Najua pia kwamba katika vijiji vya Misungwi wapo wazee wanaokumbuka nyimbo za mashindano, za kulima kwa jembe la mkono, na za kuvuta nyavu, ambazo hazikupata kampuni ya kuzipeleka Bombay wala Shaaban Robert wa kuziandika. Wengi wa watunzi wake hawakuwa na cheo. Baadhi yao walisimangwa kwa umaskini wao kama Siti alivyosimangwa kwa vyungu vyake. Leo karibu kila nyumba ina simu yenye uwezo wa kunasa sauti vizuri kuliko mashine zote za mwaka 1928. Mwalimu akimpa mwanafunzi kazi ya kwenda kwa bibi yake na kurudi na wimbo mmoja, pamoja na jina la mtunzi na habari ya uliotungiwa, atakuwa amefundisha historia kwa njia iliyo bora.

Na somo kubwa lililobaki ni lile la majina mawili. Mtumwa ni jina alilopewa kabla hajafanya lolote. Siti ni jina lililomthibitikia baada ya watu kumsikia. Kati ya majina hayo pana safari ndefu ya miguu kutoka Fumba, mzigo wa vyungu kichwani, na sauti inayotangulia mbele. Waswahili husema uungwana ni vitendo. Babu yangu, aliyemdhania mke wa mfalme, hakuwa amekosea sana.